Tumemfunda ndoa, hatujamfunda safari



Mfunguo Mosi ukiingia, Unguja na Pemba hatulali. Harusi hufuatana, ya leo haijesha, ya kesho imeshaalikwa. Tunasinga, tunapaka hina, tunatunga vikuba vya asumini, tunafukiza nguo za biharusi kwa udi mpaka sanduku likifunguliwa nyumba nzima inanukia. Na miongoni mwa mabiharusi hao wamo ambao sanduku lao haliendi Mwanakwerekwe wala Wete. Linakwenda uwanja wa ndege. Linakwenda Maskati, Dubai, Toronto, London.

Tulikuwa kwenye harusi moja ya namna hiyo. Somo alikuwa amemaliza kazi yake, na alikuwa ameifanya vizuri. Biharusi, binti mtulivu aliyekuwa akienda Uingereza, akauliza kwa sauti ndogo: "Somo, huko magharibi inaingia saa ngapi?" Tukatazamana. Halafu tukacheka, na mmoja wetu akamwambia: "Mumeo atakwambia, mwanangu."

Tuliporudi nyumbani jibu lile halikutukaa. Tulikumbuka ni mangapi mengine tumemwachia mume wake amwambie. Anwani ya nyumba. Namba ya kuita gari la wagonjwa. Karatasi zake ziko wapi na zinasema nini. Tulimjua nani huko wa kumpigia simu akiumwa? Hatukumjua hata mmoja. Tulimfunda namna ya kuingia chumbani, hatukumfunda namna ya kutoka nje ya mlango akarudi.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu ya leo. Tunasema biharusi wa ng'ambo hajafundwa mpaka amefundwa na safari. Na jukumu hilo si la mume peke yake. Ni letu sisi wanawake tuliomlea.

Magharibi ya saa kumi

Tuanze na swali lake, kwa kuwa anastahili jibu. London, mwezi wa Disemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na asubuhi huchomoza kama saa mbili. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote hukusanyika ndani ya saa nne hivi. Mwezi wa Juni mambo hugeuka: jua huzama baada ya saa tatu usiku. Sisi tuliozaliwa karibu na mstari wa ikweta, magharibi yetu haitoki saa kumi na mbili na dakika zake mwaka mzima. Hatujawahi kuitafuta, hututafuta yenyewe kwa adhana. Kule hakuna mnara utakaokuita dirishani. Utachukua ratiba ya msikiti, utaibandika jikoni, na ukipata kazi utajua mapema swala ipi itakukuta kazini, ili uombe nafasi kabla haijakupita.

Na saa yenyewe ni nyingine. Mmoja wetu, wiki zake za mwanzo, alipata barua ya hospitali iliyoandikwa 4. Akenda saa nne asubuhi. Akaketi mpaka saa kumi jioni, akiona haya kuuliza. Leo anacheka akisimulia. Siku ile alilia chooni.

Vitu hivi ni vidogo, lakini ndivyo vinavyomla mtu. Mgeni hashindwi na jambo kubwa. Anashindwa na madogo hamsini kwa siku, kila moja likimwambia kwamba yeye, aliyekuwa akiendesha jiko la watu ishirini kwao, hapa hajui hata kufungua bomba la maji ya moto.

Nyumba nyekundu karibu na duka

Mwenzetu mwengine aliolewa akapelekwa mji wa kaskazini mwa Uingereza. Mume wake alikuwa mtu mwema, tunalisema hilo mapema. Alifanya kazi mbili. Alitoka alfajiri, akarudi usiku, na kila kitu alikileta yeye: nyama ya halali, mchele, kadi ya simu. Yeye mke hakuhitaji kutoka, kwa hiyo hakutoka. Akapata ujauzito. Siku moja, mume yuko kazini, maji yakavunjika kabla ya wakati. Alijua kuwa namba ya dharura ni 999, kwa kuwa aliiona kwenye televisheni. Akapiga. Akaulizwa anwani. Akasema: nyumba nyekundu, karibu na duka la Mpakistani.

Nyumba zote za mtaa ule ni nyekundu.

Alimshukuru Mungu kwa jirani, mwanamke mzee wa Kiingereza ambaye hawajawahi kuzungumza zaidi ya kupungiana mikono. Alimgongea mlango, yule mama akaishika simu, akataja namba ya nyumba na msimbo wa posta, na gari likafika. Mtoto yu hai, anasoma, alhamdulillah. Lakini tunapokumbuka kisa kile hatuwezi kumlaumu mume. Alidhani anamstarehesha. Wala hatuwezi kumlaumu mke, kwa kuwa sisi ndio tuliomwambia kuwa mke mwema ni yule asiyeuliza mengi.

Mafunzo mema yana nafasi yake, na hatusemi masomo wetu waache wanayofundisha. Usafi, ulimi mtamu, kumheshimu mume na mama mkwe, kuficha aibu ya nyumba: yote hayo biharusi atayahitaji London kama angeyahitaji Michenzani. Lakini mafunzo yale yalitungwa kwa mwari anayehama mtaa, si anayehama bahari. Mwari wa zamani akikosana na mume alivaa buibui lake, akapita vichochoro viwili akafika kwa shangazi. Shangazi alikuwa ndiye bima, ndiye kadhi wa kwanza, ndiye daktari. Yule wa leo akifungua mlango anakuta theluji.

Karatasi zina majina

Sasa tuingie kwenye mambo ambayo kina mama wengi tunayaogopa kwa sababu yameandikwa Kiingereza.

Anayekwenda Uingereza kama mke huombewa visa ya mwenza. Mume aombapo leo anatakiwa, kwa kawaida, aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka; hadi Aprili 2024 kiwango kilikuwa 18,600. Mbali na ada ya visa kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa visa kwa mtu mzima. Biharusi ayajue haya kwa sababu mbili. Kwanza, atamwelewa mume. Yule aliyekuja likizo na manukato na dhahabu, akalipa ukumbi, huenda anarudi kwenye miaka ya kulipa madeni. Kabla hujamnunia kwa kukosa kukutembeza, jua alilipa nini hata ukafika. Pili, atajua kuwa hospitali tayari imelipiwa. Aende akajiandikishe kwa daktari wa mtaa kwa jina lake, na kama Kiingereza hakijamkaa aombe mkalimani. Mkalimani wa hospitali halipiwi na mgonjwa. Si lazima kila neno la tumbo lako lipite kwenye mdomo wa mume au wa wifi.

Visa ya kwanza kwa anayeombea kutoka nje ni ya miezi 33. Kisha huongezwa, na baada ya miaka 5 mtu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Muda wote huo ana ruhusa ya kufanya kazi na kusoma, ila msaada wa fedha wa serikali kwa kawaida hana haki nao. Siku hizi visa haiko kwenye kadi. Iko mtandaoni, kwenye akaunti inayofunguliwa kwa pasipoti, barua pepe na namba ya simu. Hapa tunawaomba msome polepole. Barua pepe hiyo iwe ya biharusi mwenyewe. Simu hiyo iwe ya biharusi mwenyewe. Ikiwa ni ya mume au ya shemeji, basi siku atakayotaka kuthibitisha kuwa yupo nchini kihalali, kwa mwajiri au kwa mwenye nyumba ya kupanga, itabidi aombe ruhusa ya kujua habari zake.

Na kuna jambo la nikahi. Ndoa iliyofungwa kwetu Zanzibar kwa utaratibu wa sheria, ikasajiliwa, kwa kawaida inatambuliwa Uingereza. Lakini wapo mabinti wanaokwenda kwa visa nyengine, ya masomo au ya kazi, wakaolewa huko huko sebuleni, shekhe akasoma hotuba, mashahidi wakakaa, pilau ikaliwa. Mbele ya Mungu wameoana. Mbele ya sheria ya England, bila ya ndoa ya serikali, hawakuoana. Wakiachana, hawezi kwenda mahakamani kudai haki za mke. Wapo waliolijua hilo baada ya watoto watatu. Kwa upande wa pili, talaka inayotamkwa na mume akiwa Uingereza haivunji ndoa ya kisheria. Hiyo huvunjwa na mahakama. Mwanamke anaweza kumaliza eda na bado, kwa karatasi, akawa mke wa mtu. Kwa hiyo funga nikahi, na usajili. Hakuna dhambi kwenye kusajili.

Anayekwenda Maskati ana nafuu yake. Atashuka uwanjani akasikia Kiswahili, atakuta mkate wa kumimina na urojo, atakuta jamaa wa bibi yake waliohamia huko baada ya 1964. Hata wakati ni mwendo wa saa moja tu mbele yetu. Lakini naye ana karatasi zake. Ukaazi wa mke mgeni hufungamana na mume wake, na kadi ya ukaazi, ile wanayoiita bataka, haina budi iwe kwenye mkoba wake, si kwenye droo ya mtu. Lugha ya nyumbani isimdanganye akadhani sheria nayo ni ya nyumbani.

Kanuni za uhamiaji hubadilika kila mara. Tulizozitaja ndizo tuzijuazo. Kabla ya kufunga mizigo, mtu aziangalie upya kwenye tovuti ya serikali ya nchi anayokwenda, si kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo.

"Mnamtabiria mabaya"

Tunajua mtakalosema, kwa sababu tulishaambiwa. Bibi mmoja alitusikiliza, akafyonza, akasema: "Nyie mnamfundisha mtoto kuondoka hata hajafika."

Bibi, tunakuheshimu. Lakini kila tukipanda boti ya kwenda Dar es Salaam au Pemba, mabaharia hutuonyesha jaketi za kuokolea ziko wapi. Hatujawahi kusema nahodha anaombea chombo kizame. Tunakaa, tunatia mbatata za kukaanga kinywani, na chombo kinafika. Biharusi anayejua pasipoti yake iko wapi si mke anayetaka kukimbia. Ni mke asiyekuwa na hofu, na asiye na hofu ndiye anayeweza kumpenda mume wake kwa moyo mkunjufu.

Na tuseme yale tunayoyanong'ona. Ziko ndoa zinazoharibika kule. Yuko mume ambaye, mke akijibu neno, humwambia: "Nitakurudisha kwenu." Neno hilo limewanyamazisha wengi waliokuwa wakipigwa. Basi tujue: mume hana kalamu ya uhamiaji. Mke aliyeingia Uingereza kwa visa ya mwenza wa raia au wa mkaazi wa kudumu, ndoa ikivunjika kwa sababu ya mateso, sheria imemwekea mlango. Anaweza kuomba ruhusa ya miezi 3, yenye haki ya kuomba msaada wa serikali, huku akiomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe. Si njia rahisi, lakini ipo, na anayeijua hatishiki kama asiyeijua.

Subira ni ibada. Hatutaki mtu atusome vibaya hapo. Subira ya baridi, subira ya chakula kisicho ladha, subira ya mume anayerudi amechoka, ya mama mkwe mwenye maneno: hizo ndizo zinazojenga nyumba. Lakini kuvunjwa mbavu na kufungiwa mlango si mahali pa subira, na dini yetu haikumwambia mwanamke akae humo akihesabu thawabu.

Bi Ramla wa Habasha

Tukitaka mfano hatuna haja ya kwenda mbali. Mama yetu Ummu Habiba, Ramla binti Abi Sufyan, radhi za Allah ziwe juu yake, alihama Makka na mume wake wakavuka bahari hadi Habasha. Vitabu vya sira vinaeleza kuwa huko ugenini mume alitengana naye kwa dini, kisha akafa, na yeye akabaki na binti yake mdogo. Kwao hakuweza kurudi. Baba yake wakati ule alikuwa miongoni mwa wakubwa wa wapinzani wa Mtume. Unaweza kufikiri ugeni mkubwa kuliko huo?

Lakini angalieni alikuwa na nini. Alikuwa na watu: kundi la Waislamu waliohama pamoja naye. Alikuwa na sheria: mfalme Najashi ambaye hakumdhulumu mtu kwenye nchi yake. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotuma posa kutoka Madina, Bi Ramla aliteua mwenyewe wakili wake, na mahari yake akakabidhiwa yeye. Watu, sheria, na mali yake mkononi. Karne kumi na nne zimepita, na mwanamke aliye ugenini bado anahitaji hayo hayo matatu.

Jioni moja tu

Basi tunapendekeza hivi. Katika siku zote tunazomtia biharusi ndani, za singo, za hina, za kupigwa picha, tutoe jioni moja iwe ya safari. Aitwe mwanamke aliyewahi kuishi nchi ile, au apigiwe simu ya video. Biharusi akae naye na daftari.

Aandike anwani kamili ya nyumba anayokwenda, aihifadhi kichwani kama Alhamdu. Aandike namba ya dharura. Atoe nakala za pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na vyeti vya shule; nakala moja abaki nayo mama. Afungue barua pepe yake. Apate majina ya wanawake wawili wanaoishi mji ule, na awapigie kabla hajaondoka. Aulize msikiti upi una sehemu ya wanawake, maana si yote inayo; London, kwa mfano, East London Mosque ina sehemu ya wanawake, kwenye Maryam Centre. Aulize madarasa ya Kiingereza yako wapi. Kama ana leseni ya udereva ya Tanzania aichukue, kwani inamfaa Uingereza kwa miezi 12 ya mwanzo, na kule nako gari hupita kushoto.

Mahari yake asiyamalize kwenye ukumbi na dhahabu ya kukodi. Sehemu aiweke iwe nauli ya kurudi, hata kama haitatumika miaka kumi. Mali ya mke ni yake kwa dini yetu, na mwanamke mwenye nauli huwasalimia kwao kwa furaha, si kwa kuomba. Yale anayoyataka, kama kusoma au kuja kuwaona wazee kila baada ya muda fulani, yasemwe kabla ya nikahi na yaandikwe. Masharti ya ndoa yanajulikana kwenye fiqhi. Sisi ndio tunaoona haya kuyataja.

Kwa kina mama wa mume: msimuulize mkaza mwana, mwezi wa pili, mbona hajaleta kitu. Ng'ambo fedha haziokotwi. Na sisi kina mama wa mke tujifunze kusikiliza simu. Mtoto akisema "Niko salama, mama," tumuulize leo ametoka nje? Amezungumza na nani? Anacheka kwenye kioo cha simu, lakini nyuma yake pazia limefungwa mchana.

Kwa mume: mtembeze mkeo wiki ya kwanza. Mwonyeshe basi, mwonyeshe duka, mwonyeshe njia ya kurudi, kisha muache arudi peke yake wewe ukiwa nyuma. Tia jina lake kwenye bili ya nyumba, kwani benki itamdai uthibitisho wa anwani ili imfungulie akaunti. Hutapoteza mke kwa kumfundisha njia. Siku utakayougua, yeye ndiye atakayekupeleka hospitali.

Yule biharusi wa magharibi tulimtafuta baadaye, tukamtumia ratiba ya swala ya mji wake na majina mawili ya wanawake. Alijibu kwa sauti. Nyuma yake tulisikia mvua, na mwanamke mwengine akimwambia kwa Kiswahili cha Pemba: "Vaa soksi mbili, shoga, tunachelewa."

Tukalala vizuri siku ile.

Allah awatilie baraka mabiharusi wetu wote, walio karibu na walio mbali, awape waume wema, majirani wema na ilimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi tawfiq.